Je, utoto wa Ngũgĩ wa Thiong'o ndio uliomfanya ayapinge mamlaka na matajiri?

*"Shikamoo Mwalimu. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mamlaka na matabaka katika kazi za Ngũgĩ wa Thiong'o. Msimamizi wangu ameniambia nisieleze kazi kwa kutumia maisha ya mwandishi, anasema huo ni uvivu. Wenzangu nao wamegawanyika: wapo wanaosema aliwachukia matajiri kwa sababu alizaliwa maskini, na wapo wanaosema mambo yale aliyatoa kwenye vitabu vya Marx alipokwenda kusoma Uingereza. Mimi kinachonishinda ni kuelewa mtu aliyesomeshwa sekondari ya Alliance na chuo cha Makerere, shule za wakubwa, alikujaje kuwaandama wakubwa. Tena niseme ukweli: babu yangu alinyang'anywa shamba na mtu wa kijiji chetu wenyewe, na kesi haijaisha mpaka leo. Kila nikimsoma Ngũgĩ namwona babu. Naogopa ninachoandika ni cha babu yangu, si cha Ngũgĩ. Nifanyeje?"*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa habari ya shamba la babu. Nitalizungumzia mwishoni, kwa sababu lina njia yake na tasnifu ina njia yake. Swali lako lina mambo matatu ndani yake. Unataka kujua kama utoto wa Ngũgĩ unaeleza msimamo wake, kama msimamizi wako ana haki ya kukukataza kuutumia, na kama machungu ya nyumbani kwenu yanakuharibia usomaji. Kwa ufupi, utoto wake unaeleza mengi, ila si kwa namna wenzako wanavyodhani. Na msimamizi wako ana hoja.

Tuanze na umaskini. Ngũgĩ, mwandishi huyu wa Kenya, alizaliwa tarehe 5 Januari 1938 huko Kamiriithu, Limuru, kwa mke wa tatu wa Mzee Thiong'o wa Ndũũcũ, aliyekuwa na wake wanne. Kwamba aliijua njaa, hilo halina ubishi. Lakini watoto waliolala na njaa Kenya ya miaka ile hawakuwa na idadi, na wengi wao walipokua walichotaka ni kushiba tu, wala hakuna wa kuwalaumu. Wengine walikuja kushiba sana baada ya uhuru wa 1963, wakawa mawaziri na wenye mashamba makubwa, na ndio hao Ngũgĩ alikuja kuwaandika. Umaskini peke yake haumfundishi mtu kuuchukia utajiri. Mara nyingi humfundisha kuutamani. Ukiandika kwamba alikuwa maskini na kwa hiyo aliwachukia matajiri, mtahini atakuuliza mbona jirani yake, maskini vilevile, alikwenda kukaa upande wa matajiri. Utakosa la kusema.

Cha kutazama ni namna familia ile ilivyoingia kwenye umaskini. Mzee Thiong'o alikuwa mtu wa mifugo, mwenye jina lake. Ardhi aliinunua kwa desturi ya Wagĩkũyũ: alitoa mbuzi, watu wakashuhudia, neno likatosha. Baadaye muuzaji yule yule akaiuza ardhi ile ile kwa mtu mwingine, mchungaji Mwafrika wa misheni ya Kiskoti, na safari hii mauzo yakaandikwa. Kesi ilipoamuliwa, walioshuhudia kwa mdomo walishindwa na karatasi. Mzee aliachwa aendelee kuishi pale pale, lakini sasa akiwa mtu wa kukaa kwa hisani, ambaye Wagĩkũyũ humwita mũhoi: analima anapoonyeshwa, na siku mwenye ardhi akisema ondoka, anaondoka. Watoto wake, Ngũgĩ akiwa mmoja wao, wakawa wanakwenda kuchuma pareto katika mashamba ya mchungaji huyo kwa ujira.

Hapo usipite haraka. Aliyeichukua ardhi ya baba yake hakuwa mlowezi. Walowezi walikuwapo, tena hawakuwa mbali. Ng'ambo ya reli yalianza mashamba yao ya chai, na huko pia Ngũgĩ alikwenda kuchuma. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyoipa karatasi nguvu kuliko neno la mtu mbele ya mashahidi. Lakini mkono ulioishika karatasi ile ulikuwa wa jirani, mtu wa kanisa, anayesema lugha ile ile ya nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto aliyeyaona hayo kabla hajabaleghe, huwezi kumwambia akiwa mtu mzima kwamba shida yote ya Kenya ilikuwa rangi ya ngozi. Anajua kwamba mstari unaogawa watu umepita katikati ya kijiji chake mwenyewe.

Hicho ndicho ningetaka kiwe uti wa mgongo wa sura yako ya kwanza. Mamlaka yalimjia Ngũgĩ kwa sura ya mtu anayemfahamu, tena mwenye karatasi mkononi. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana kutawanyika katika kazi zake yatajipanga yenyewe.

Sasa hao wenzako wa Marx na Uingereza. Ngũgĩ alikwenda Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1964, na ni kweli kwamba huko alimsoma Marx, akamsoma na Fanon, mwandishi aliyeupinga ukoloni, na vitabu vile vilimbadilisha. Lakini riwaya yake *Weep Not, Child* ilitoka mwaka huo huo wa 1964, na aliiandika akiwa bado Makerere. Ifungue. Mzee Ngotho anaishi kama mũhoi katika ardhi ya Jacobo, Mwafrika tajiri ambaye serikali imemruhusu kulima pareto wakati wengine wamenyimwa. Ardhi ya mababu wa Ngotho iko mikononi mwa mlowezi Howlands, na Ngotho anaajiriwa humo kama kibarua. Wafanyakazi wanapogoma, Jacobo analetwa kuwatuliza, na ni yeye ambaye Ngotho anamrukia. Basi tabaka la Waafrika wenye mali limekwisha kusimama kwenye ukurasa, na mwandishi hajapanda hata ndege. Leeds haikumpa macho ya kuliona. Ilimpa istilahi, na zaidi ilimpa ujasiri wa kuamini kwamba kilichotokea Limuru hakikuwa mkosi wa familia moja, kwamba kina kanuni, na kwamba kimewapata watu wa nchi nyingine pia.

Tofauti hiyo utaiona ukiiweka riwaya ile kando ya *A Grain of Wheat* ya mwaka 1967, aliyoiandika huko Leeds. Kuna mahali Gikonyo, fundi seremala aliyetoka kizuizini, anakwenda Nairobi kumwona mbunge wake. Yeye na wenzake watano wanataka kuchanga fedha wanunue shamba la Mzungu anayeondoka, na wanaomba mbunge awasaidie wapate mkopo. Mbunge anawapa matumaini mazuri. Baadaye Gikonyo anagundua shamba limekwisha kununuliwa, na mnunuzi ni mbunge mwenyewe. Kwangu mimi kurasa zile ni miongoni mwa bora alizowahi kuandika, kwa sababu hazipigi kelele. Gikonyo anasubiri kwenye foleni, anapokelewa kwa heshima, anarudi nyumbani akiwa na moyo mkunjufu, na wizi umekwisha fanyika. Ni kisa cha Mzee Thiong'o kile kile, ila sasa kimevaa suti ya uhuru.

Kuna mamlaka mengine ambayo wanafunzi huyasahau, nayo ni ya baba. Mifugo ilipokufa kwa ugonjwa, Mzee Thiong'o alivunjika, na hasira zikageukia nyumbani. Alimpiga mama yake Ngũgĩ, Wanjikũ wa Ngũgĩ, mpaka mama akakimbilia kwa baba yake. Kisha siku moja Ngũgĩ na mdogo wake wakiwa wanacheza na ndugu zao wa kambo, baba akawajia na kuwaambia waache kucheza na watoto wake, wamfuate mama yao. Anayasimulia hayo katika *Dreams in a Time of War*, kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2010. Mtoto anafukuzwa nyumbani na mtu ambaye mwenyewe amegeuzwa mgeni katika ardhi yake. Ukitaka kujua kwa nini wazee katika riwaya zake za mwanzo, akina Ngotho, wanaandikwa kwa huruma na hasira pamoja, anzia hapo. Anamlaumu baba na anamwelewa. Vitabu vya nadharia haviwezi kumfundisha mtu hilo.

Halafu kuna mama. Wanjikũ hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1947 alimuuliza mwanawe kama angependa kwenda shule, akamwonya kwamba wao ni maskini na kuna siku atashinda bila chakula cha mchana, akamtaka aahidi kwamba njaa haitamrudisha nyumbani na kwamba kila mara atajitahidi kadiri ya uwezo wake wote. Swali hilo hilo ndilo linalofungua *Weep Not, Child*, likitoka kinywani mwa Nyokabi, mama wa riwaya hiyo. Na kila Ngũgĩ alipoleta matokeo mazuri, mama alikuwa akimuuliza kama huo ndio uwezo wake wote. Nakuomba usilipuuze jambo hili, kwa sababu linarekebisha kosa jingine la kawaida, la kudhani kwamba Ngũgĩ alikuwa adui wa kila mamlaka. Mama yake alikuwa na mamlaka makubwa juu yake maisha yake yote. Ila yalikuwa mamlaka yanayouliza na kuahidiana. Aliyoyapinga ni yale yanayoamuru, yanayochukua, na yanayomfanya mtu amsaliti mwenzake.

Hili la usaliti lina chanzo chake, nacho ni shule. Alianzia Kamandura, akahamia Manguo, mojawapo ya shule huru zilizoanzishwa na Wagĩkũyũ wenyewe, ambako watoto waliifurahia lugha yao bila hofu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na shule hizo zikafungwa au zikatiwa mikononi mwa serikali. Kiingereza kikawa lugha ya masomo. Katika *Decolonising the Mind* ya mwaka 1986 anaeleza adhabu ya mtoto aliyesikika akisema Kigĩkũyũ katika eneo la shule: viboko kati ya vitatu na vitano matakoni, au kuvishwa bamba la chuma shingoni lililoandikwa kwamba yeye ni mjinga au ni punda. Na wakosaji walipatikanaje? Asubuhi mtoto mmoja alipewa kifungo cha nguo. Akimsikia mwenzake akisema lugha ya mama, anamkabidhi kifungo. Huyo naye anamtafuta mwingine. Jioni aliyekutwa nacho alitaja aliyempa, huyo akataja aliyempa yeye, mpaka wote wakajulikana.

Angalia mtambo huo unavyofanya kazi. Mwalimu hahitaji kuwepo uwanjani. Watoto wanapelelezana wenyewe, na kila mmoja ana faida ya haraka akimtaja rafiki yake. Miaka ile ile serikali iliwafanyia watu wazima jambo lile lile: mashushushu waliofunikwa magunia kichwani wakawa wanawanyooshea vidole majirani zao, na homgadi, yaani walinzi wa upande wa serikali, walikuwa vijana wa kijiji wakilinda kijiji chao dhidi ya ndugu zao. Ndiyo maana katika *A Grain of Wheat* kijiji kizima kinamtafuta msaliti, na karibu kila anayemtafuta ana la kwake la kuficha. Mugo anayeheshimiwa kama shujaa ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni. Ngũgĩ hakuwa na haja ya kwenda mbali kutafuta wazo la namna utawala unavyoingia ndani ya watu wanaotawaliwa. Lilikuwa kwenye kifungo cha shati.

Na katika miaka hiyo hiyo ya shule alijifunza jinsi tabaka linavyotengenezwa. Mwaka 1954 ulikuwa wa mtihani. Katika darasa lake kulikuwa na mvulana aliyepata alama za juu kabisa katika masomo yote isipokuwa Kiingereza, ambacho alianguka. Kwa kuanguka Kiingereza akahesabiwa ameanguka mtihani wote, na akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ alikuwa na alama za kawaida tu, ila Kiingereza alifanya vizuri, naye akapata nafasi Alliance. Anayasema haya mwenyewe, kwa uwazi, na mimi naona ndiyo maelezo ya uaminifu kuliko yote aliyoyatoa kuhusu maisha yake. Hasemi alifika alipofika kwa sababu alikuwa na akili kuliko wengine. Anasema mlango ulikuwa mwembamba na umetengenezwa kwa makusudi, yeye akapita, mwenzake aliyemzidi akabaki nje akiita abiria.

Hapo tunafika kwenye lile linalokushinda, mtu wa Alliance alikujaje kuwaandama wakubwa. Alliance ilianzishwa mwaka 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti, na wakati wa Ngũgĩ iliongozwa na Carey Francis, mwalimu wa hesabu aliyetoka Cambridge, mtu mkali na mwenye kujitoa kwa wanafunzi wake. Ngũgĩ hakumchukia. Alipata pale vitabu, chakula, viatu na utulivu. Lakini zingatia mwaka: aliingia Januari 1955. Kaka yake Wallace Mwangi alikuwa amekimbilia msituni kujiunga na Mau Mau mwaka uliotangulia. Ndugu yake wa kambo Gitogo, aliyekuwa kiziwi, alipigwa risasi mgongoni na askari kwa kuwa aliamriwa asimame na hakusikia. Utamkuta kwa jina lake lile lile katika *A Grain of Wheat*. Na ndani ya ukoo huo huo walikuwamo waliotumikia upande wa serikali. Mama yake alishikwa na kuteswa katika kituo cha homgadi kwa miezi mitatu, akiulizwa habari za mwanawe aliye msituni.

Hata safari yenyewe ya kwenda Alliance nusura imshinde. Enzi hizo Mgĩkũyũ hakuruhusiwa kusafiri kwa treni ya abiria bila kibali, na kijana huyu aliyechaguliwa kwenda shule bora ya Waafrika nchini hakuwa nacho. Treni ikaondoka ikamwacha stesheni na sanduku lake. Alifika kwa sababu mfanyakazi mmoja wa reli alimhurumia, akampakia katika treni ya mizigo. Karatasi tena! Ya baba ilikosekana mahakamani, ya mtoto ikakosekana stesheni.

Muhula wa kwanza ulipokwisha alirudi nyumbani, akakuta hakuna nyumba. Kijiji kizima kilikuwa kimebomolewa na watu wamehamishiwa katika kijiji cha dharura. Zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa hivyo miaka ile, ili wasiweze kuwapelekea chakula wapiganaji. Alimkuta mama yake katika kibanda kipya, mahali palipowekwa chini ya ulinzi. Kisha likizo ikaisha, akarudi Alliance, kwenye bustani na kwaya na tamthilia za Shakespeare, huku moyoni akiomba asiwepo wa kuuliza kaka yako yuko wapi.

Basi usiseme alisoma shule ya wakubwa *na hata hivyo* akawapinga. Kuwa mle ndani kulimwezesha kuona. Aliyebaki Kamiriithu alimwona homgadi tu, na mtoto wa chifu pale Alliance aliona bustani tu. Ngũgĩ aliyaona yote mawili ndani ya wiki moja, na akajua kwamba bustani ile inalindwa na bunduki zilizozunguka kibanda cha mama yake. Kisha mwaka 1959, akiwa amemaliza Alliance na anafundisha, alishushwa kwenye basi katika kizuizi cha polisi kwa sababu ya karatasi za kodi, akatiwa ndani siku kadhaa, akajitetea mwenyewe mahakamani na kuachiwa. Cheti cha Alliance hakikumsaidia kitu mbele ya askari. Kitabu chake *In the House of the Interpreter* kinamalizikia hapo, na ukisome kabla hujaandika mstari mmoja kuhusu elimu yake.

Nimekupa hoja za upande mmoja. Sasa nikupe za msimamizi wako, maana ukizikwepa, tasnifu itadhoofika.

Kwanza, kumbukumbu hizo zimeandikwa na mzee aliyekwisha pita miaka 70, ambaye msimamo wake umekwisha kukomaa. Anachagua visa. Anakumbuka kifungo cha nguo kwa sababu amekwisha kuandika kitabu kizima kuhusu lugha na utawala. Sisemi anatunga, ila mkondo wa maelezo unaweza kuwa unatoka kwenye msimamo kwenda utotoni, badala ya kutoka utotoni kwenda kwenye msimamo. Dawa yake ni kuzipanga kazi kwa mwaka wa kuandikwa na kutazama kilichomo kabla ya kumbukumbu kutoka. Ndiyo maana nimekusisitizia *Weep Not, Child*: ile ya 1964 haikujua kwamba 2010 inakuja.

Pili, wengi walipita njia ile ile. Alliance ilitoa mawaziri kadhaa wa serikali ya kwanza, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka katika familia zilizoumizwa na hali ya hatari. Utoto ulimpa Ngũgĩ maswali. Majibu aliyachagua, na aliyachagua polepole. Makala alizoandika magazetini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ni za kijana anayeamini kwamba elimu na upatanisho vitatosha. Katika *The River Between*, Waiyaki anategemea shule ziwaokoe watu wake. Ungemsoma Ngũgĩ wa 1962 peke yake, usingemtabiri Ngũgĩ wa 1977.

Tatu, na hili ni langu, kuna mahali maisha yalimsaidia na mahali msimamo ulimbana. Jacobo ni mtu. Mbunge wa Gikonyo, hata kwa kurasa chache, ni mtu. Baadhi ya matajiri wa kazi za baadaye ni vibonzo, hawana usiku wa mashaka hata mmoja. Ninampenda sana mwandishi huyu, na kwa sababu hiyo naona ni heshima kulisema. Usiogope kulisema kwenye tasnifu, mradi uonyeshe kwa mifano.

Hata hivyo kuna kazi moja ambapo utoto na msimamo vinakutana bila kugombana, nayo ni tamthilia ya *Ngaahika Ndeenda*, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ambayo kwa Kiswahili ni *Nitaolewa Nikipenda*. Kĩgũũnda ni kibarua wa shambani mwenye ekari moja na nusu tu. Hati ya ekari hizo ameitundika ukutani nyumbani kwake. Tajiri Kĩoi, Mkristo mwenye sifa kanisani na mwajiri wake, anamshawishi afunge ndoa ya kanisani, na ili kugharimia harusi Kĩgũũnda anaiweka hati rehani benki. Ekari zinakwenda, na mnunuzi ni Kĩoi. Soma tena kisa cha Mzee Thiong'o na mchungaji, kisha urudi kwenye hati ile ukutani. Safari hii maskini anayo karatasi, na bado haimwokoi.

Tamthilia ile ilichezwa Kamiriithu penyewe, katika kile kilichokuwa kijiji cha dharura, kwenye ukumbi wa wazi uliojengwa na wanakijiji. Waigizaji walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, na walikuwa wakiwasahihisha waandishi kuhusu maisha yao wenyewe. Ilianza Oktoba 1977, serikali ikaifuta leseni tarehe 16 Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa. Alikaa gereza la Kamiti bila kushtakiwa hadi tarehe 12 Desemba 1978, na humo ndimo alimoandika riwaya ya *Caitaani Mũtharaba-inĩ* kwenye karatasi za choo. Waliomfunga ni serikali ya Waafrika, kwa sheria ya kizuizini ambayo mizizi yake ni ya mkoloni. Mwaka 1982 askari walitumwa kuubomoa ukumbi. Sidhani jambo lile lilimshangaza sana. Alikuwa ameliona likifanywa na mchungaji, na homgadi, na baba.

Kwa msimamizi wako nenda na jambo moja tu. Mwambie hutasema maisha yalisababisha kazi. Utaonyesha umbo fulani la uhusiano, yaani mtu wa karibu anayepata nguvu juu ya wenzake kupitia hati, leseni au cheti, na utalifuata umbo hilo kutoka kazi hadi kazi kwa miaka zaidi ya 15, ukieleza linapobaki vilevile na linapobadilika. Maisha yatakuwa ushahidi mmoja miongoni mwa mingine. Akikataa hata hapo, omba kikao cha ana kwa ana, mkiwa na rasimu mezani, maana mambo haya hayaeleweki kwa ujumbe wa simu. Na mtafute msomaji wa Kigĩkũyũ akae nawe siku mbili tatu kwenye *Ngaahika Ndeenda* na *Caitaani Mũtharaba-inĩ*. Tafsiri ni nzuri, lakini nani anamwita nani kwa jina gani, na kwa heshima ya kiwango gani, ni sehemu ya mada yako, na hilo linahitaji mwenye lugha.

Kuhusu babu: kumwona si dhambi ya kitaaluma. Kumekufanya ushuku kwamba adui anaweza kuwa wa kijijini, na wasomaji wengi hukosa jicho hilo. Hatari iko mahali pamoja, pale utakapomfanya kila mwenye ardhi katika riwaya awe yule aliyemdhulumu babu. Andika kisa cha babu chote kwenye daftari la pembeni, na majina yake, na tarehe zake. Ukisha kukitoa kichwani, rudi kwenye riwaya na ujiulize katika kila aya: hili liko kwenye ukurasa, au liko kwenye daftari? Lililo kwenye daftari liache huko.

Lakini kesi yenyewe usiiache kwenye daftari. Mashauri ya ardhi yana muda wa kisheria, na familia nyingi hupoteza haki kwa kusubiri tu. Wapelekee wazee wako ujumbe huu: wakusanye kila kilichoandikwa, hata risiti ya zamani na barua ya serikali ya kijiji, wawaandikishe mashahidi wangali hai, kisha waende kwa wakili au ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nanyi, wakiwa na nyaraka hizo mkononi. Kama babu bado ana nguvu za kusafiri, naye aende, aseme mwenyewe. Na wewe uwepo umshikie karatasi.